Kasha la Ragnhild

Kwa miaka sita Torborg Nesvik alikataa kukanyaga jumba la makumbusho la Wanorwe pale mjini kwao, Minnesota, Marekani, mji uliojengwa na wahamiaji kutoka Norwe. Alisema Wanorwe walio hai wanamtosha. Siku hiyo aliingia kwa sababu bintiye, Lorna, alimkera tangu asubuhi akimtaka waende, na nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Alikuwa na miaka themanini na miwili.

Mlangoni aliketi Delores, mke wa mjukuu wa mzee Anders Haugerud, amevaa vazi la kikwao lenye vifungo vya fedha, akigawa kahawa na chapati za viazi.

"Heee, Bi Torborg! Tulidhani unatukwepa."

"Nilikuwa nawakwepa kweli," alisema Torborg, akapokea kikombe.

Katika chumba cha pili akasimama ghafla. Mbele yake palikuwa na kasha la buluu lenye maua mekundu, na jina limechorwa kwa rangi: Ragnhild Olsdatter, 1907.

Lorna akasoma kibao. "'Kasha la bibi yetu mpendwa. Zawadi ya ukoo wa Haugerud.' Mama, si ndilo jina la bibi?"

"Ndilo."

Ragnhild alifika shambani kwa akina Haugerud akiwa na miaka kumi na saba, mtumishi wa jikoni, na kasha hilo alilotoka nalo Norwe. Alikamua ng'ombe, akafua, akapikia wavunaji ishirini. Mwaka wa tano tumbo likaonekana. Anders, kijana wa nyumba ile, alikaa kimya mezani huku mama yake akimfukuza msichana. Ilikuwa Februari. Ragnhild aliondoka kwa miguu, shali mabegani. Kasha likabaki, maana hakuna aliyejitolea kulibeba. Torborg alizaliwa Mei, katika chumba alichopewa na dobi mmoja wa mjini. Baadaye, kila Jumapili kanisani, Anders aliketi benchi la mbele na mke wake, Ragnhild benchi la nyuma kabisa.

Torborg alirudi mlangoni, kahawa ikimwagika mkononi.

"Kile kibao kibadilishwe, Delores. Ragnhild hakuwa bibi yenu. Alikuwa mtumishi wenu, mkamfukuza."

"Shusha sauti, mama, kuna wageni." Delores alitabasamu kwa meno tu. "Halafu vitu vya ukoo, wa kusema ni wanaukoo."

"Basi nasema mimi. Anders ni baba yangu."

Delores hakushtuka. Hilo ndilo lililomchoma Torborg kuliko yote: hakushtuka hata kidogo.

"Tunajua," alinong'ona Delores. "Mji mzima unajua. Lakini lazima ulisemee hapa, watu wakila?"

Torborg alirudi kule ndani, akabandua kibao kwa kucha, akakitia mkobani. Hakuna aliyemzuia. Watu waliinamia sahani zao mpaka alipotoka.

Baada ya wiki mbili Lorna alikwenda kuchungulia. Aliporudi alichelewa kuvua koti.

"Wameweka kibao kingine, Mama. Maneno yaleyale."

"Na jina?"

"Kasha wameligeuza. Jina linatazama ukutani."

Torborg akaomba apelekwe makaburini. Walipofika, theluji ilikuwa imefika magotini, hakuweza kushuka. Alilitazama kaburi la mama yake kwa mbali, kupitia kioo cha gari, mpaka Lorna akawasha injini.