Kichwa Bila Poda

Sentensi yenyewe ilikuwa moja tu. Mwalimu wa kozi ya Kiingereza alitaka kila mmoja aiseme siku ya kupokea cheti, na Tata Kankolongo akaisema mwezi mzima, akinyoa ndevu, akisonga bukari, ugali wa kwetu, hata ndani ya mashine yake ya kuchimbia kule mgodi wa Mashamba: "I am honoured to receive this certificate." Yaani, ni heshima kwangu kupokea cheti hiki. Alikuwa anamwambia nani? Kuta. Tangu mke wake afariki, nyumba ile ya mtaa wa Dilala haikumjibu kwa lugha yoyote.

Siku ikafika. Wee, shangwe! Kila aliyeitwa, kabla hajaimaliza sentensi jamaa zake walikwisha kumrukia na mikebe ya poda, wakimmwagia kichwani mpaka kope zigeuke nyeupe. Kwetu aliyefaulu hujulikana kwa poda, na hakuna anayejimwagia mwenyewe, ni aibu. Mignonne, binti yake, aliahidi kuja kutoka Fungurume ammwagie. Kankolongo hakubandua macho mlangoni.

Akaitwa. Aliisema sawasawa, bila kujikwaa. Watu wakapiga makofi ya adabu, basi. Simu ikatetemeka mfukoni: "Tata, kazi imenishika. Unisamehe." Roho ilimuuma, tusidanganyane. Akakitia cheti ndani ya koti, akapanda pikipiki ya taxi-moto kurudi nyumbani.

Jirani yake, Mama Fidélie, alikuwa anafagia uani. Akamtazama kichwani: hata chembe ya poda. Ufagio ukamponyoka.

"Aï, tata! Pole sana. Ile Anglais iko nguvu. Mwaka yenye kuya utapita mutihani."

Kankolongo akafungua mdomo. Mkono ukaenda kwenye koti.

"Hapana, usiingie mu nyumba peke yako na ile huzuni," mama akamkatiza. Akaleta bukari na sombe ya majani ya muhogo, akavuta kiti, akaketi mbele yake. Hakuna mtu aliyeketi naye mezani tangu matanga yaishe. "Kula, tata. Na unielezee. Ni maulizo gani ilikushinda?"

Mkono ukatoka mtupu, ukakiacha cheti ndani ya koti, ukamega tonge.

"Ilikuwa nguvu, mama," alisema polepole. "Nguvu kabisa. Usiende kwanza, nitakuelezea yote."