Sanduku la Ukaguzi

Karakana ile ya vioo ilikuwa na sanduku la huduma ya kwanza zuri ajabu, jeupe, limetundikwa mkabala na mlango ili kila mgeni alione. Ndani mlikuwa na bandeji, plasta, pedi, glovu na mkasi, vyote kwa idadi yake. Nje palikuwa na kufuli, na juu ya kufuli karatasi ya gundi yenye sahihi ya msimamizi: lisifunguliwe hadi mkaguzi apite. Na mkaguzi mwenyewe hupita mara moja kwa mwaka. Ati mafundi wakiachiwa watajibandika plasta kwa kila mkwaruzo, halafu mkaguzi akute pengo na karakana ipoteze alama. Basi miaka nenda miaka rudi watu walijifunga vidole kwa utepe wa gundi, na sanduku likapanguswa vumbi kila Jumatatu kama picha ya marehemu.

Nesi hakuwa nesi. Kazi yake ilikuwa kusugua kingo za vioo, na jina alibandikwa siku aliporudi kutoka mafunzo ya siku mbili ya huduma ya kwanza, ambayo wenzake wote waliyakwepa. Aliyembandika ni shemeji yake, mume wa dada yake, mkata vioo, mtu wa domo refu.

"Nesi, mafua yamenibana, nipasue," humwambia kila asubuhi.

"Shemeji, cha kupasuliwa ni huo mdomo," naye humjibu, na kazi inaanza.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, kioo cha dirisha kilimponyoka shemeji mezani. Badala ya kukiacha kianguke, alikidaka, maana pale ukivunja kioo unaitwa ofisini. Kikampasukia mkononi. Kipande cha urefu wa kidole kikabaki kimezama juu kidogo ya kiwiko, damu ikaruka hadi kwenye shati la mpakiaji aliyekuwa karibu.

Kila mtu akageuka daktari papo hapo. Mpakiaji alikwishashika kile kipande akichomoe. Fundi wa fremu alikuja mbio na mkebe wa sukari, ati sukari hukausha damu.

"Usichomoe," Nesi alisema, akaupiga mkono wa mpakiaji. "Hicho ndicho kilichoziba. Ukikitoa tu, tunazika. Na wewe, sukari rudisha kwenye chai, ukatoe gari la mzigo."

Akamlaza shemeji chali, miguu juu ya magunia, akaunyanyua mkono na kubana kwa viganja viwili kandokando ya kioo. Damu bado ilimpita vidoleni.

"Msimamizi, funguo."

Msimamizi alikuwa amesimama pale pale, funguo zinaning'inia kiunoni. "Ukaguzi ni kesho," alisema. "Tumia vitambaa vya kufutia vioo, viko vingi."

"Vimejaa vumbi la kioo hivyo."

"Basi tumia shati lake. Ile karatasi siwezi kuichana, nimeshaitia sahihi."

Hapo Nesi alipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Dada yake ana watoto watatu, damu hii ni ya baba yao, halafu mtu mzima na akili zake timamu anahurumia karatasi. Alimwonyesha mpakiaji pa kubana, akachukua nyundo ya fundi wa fremu, akaligonga kufuli mara mbili likadondoka. Akavaa glovu. Pedi nne akazipanga kukizunguka kioo hadi zikakipita kimo, kisha akazungusha bandeji mbili juu na chini yake bila kukigusa. Damu ikapungua, ikawa ya kuvuja tu. Midomo ya shemeji ilikuwa imepauka.

"Usimwambie dada yako," alinong'ona.

"Nyamaza. Nitamwambia kila kitu."

Hospitalini daktari alisema kioo kiligusa mshipa mkubwa. Kingechomolewa kule karakana, mgonjwa asingefika hata getini.

Ijumaa mkaguzi alikuja, akahesabu, akaandika pungufu, akaenda zake. Hakuna aliyemweleza, naye hakuuliza. Alasiri msimamizi alimwita Nesi ofisini na kumsukumia fomu: kuharibu kufuli na kupoteza vifaa vya karakana. Ajieleze kwa maandishi kabla ya saa ya kufunga, la sivyo akusanye virago vyake. Habari ya mgonjwa hakuigusa hata kwa neno moja.

Nesi alikaa. Akaandika polepole ili kila herufi isomeke:

"Vifaa havijapotea. Pedi nne na bandeji mbili ziko mkononi mwa shemeji yangu, wodi ya pili, kitanda cha mwisho. Ukitaka idadi itimie, nenda ukazifungue mwenyewe. Dada yangu yuko kando ya kitanda, anakungoja."