Yah: Ombi la Mwongozo Kuhusu Jirani

Wapo watu wanaomwomba Mungu kama mtoto anayetaka maji: kelele nyingi, salamu hakuna. Masijala hakuwa wa namna hiyo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa masijala, yaani chumba cha majalada, mpaka jina la chumba likawa lake; chumba chenye harufu ya vumbi na gundi, na humo alijifunza kwamba jambo lisiloandikwa halipo, na lililoandikwa bila kumbukumbu namba ni uvumi. Akastaafu, lakini ukarani ulikataa kustaafu naye. Alipofiwa na mkewe ndipo alipoanza kumwandikia Mungu barua.

Barua kamili, si mchezo. Tarehe kulia, kumbukumbu namba kushoto, kisha kichwa cha habari kwa herufi kubwa, kimepigiwa mstari kwa rula. Anapiga magoti, anaisoma kwa sauti, anaigonga muhuri, anaitoboa matundu mawili na kuitia kwenye jalada la kijani. Halafu anasubiri majibu. Kabla ya kununua kitanda kipya aliomba mwongozo, akalala sakafuni miezi minne. Kabla ya kung'oa jino aliomba mwongozo; jino likachoka kungoja, likang'oka lenyewe.

"Mdogo wangu," dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, humpigia kelele kutoka chumba cha pili, "Mungu ana dunia nzima ya kuhudumia. Mwambie kwa kifupi!"

"Dada, utaratibu ni utaratibu."

"Na jino nalo lilifuata utaratibu?"

Sasa jalada la kijani lilikuwa na barua kumi na saba zenye kichwa kimoja: YAH: OMBI LA MWONGOZO KUHUSU KUMPOSA JIRANI.

Jirani mwenyewe alikuwa mjane mwenye duka la fotokopi ng'ambo ya barabara, na mtaa mzima ulimwita Mama Kopi. Kila asubuhi huwasha mashine yake, akaweka kiganja juu ya mfuniko, akafumba macho na kumwomba Mungu amwongoze siku hiyo. Mashine ikishapata moto na taa ya kijani kuwaka, naye kashasema amina. "Haya, nani wa kwanza?" Dakika nzima haifiki. Kwa Masijala, kuomba hivyo kulikuwa sawa na kumpigia Mungu mluzi. Hata hivyo wa kwanza kwenye foleni alikuwa yeye kila siku, na siku nyingine hakuwa hata na karatasi ya kutolea nakala.

Jumatatu moja Mama Kopi alimwambia, huku akipanga karatasi kwenye trei, "Kaka yangu ananiita nihamie kwake, tufungue duka pamoja. Mwenye nyumba anataka jibu Ijumaa."

Masijala alihisi kama mtu kamchomolea kiti alichokalia. "Na wewe umeamuaje?"

"Nimeomba. Moyo unaniambia nisubiri mpaka Ijumaa." Akamtazama juu ya miwani. "Sijui nasubiri nini."

Mwenye akili zake angeelewa hapohapo. Masijala alirudi nyumbani akaandika barua ya kumi na nane, akaongeza neno DHARURA kwa wino mwekundu.

Sasa barua ya dharura, kwa mujibu wa utaratibu, lazima iwe na nakala. Na mashine ya nakala mtaani ilikuwa moja tu. Alhamisi akavuka barabara, barua kaibana kwapani.

"Mama, hii ni siri ya kikazi. Niruhusu nitoe mwenyewe."

"Kazi gani, mzee, na umestaafu?"

"Geuka kidogo, tafadhali."

Mama Kopi akageuka, mabega yakicheka. Masijala akalaza barua kifudifudi kwenye kioo, akafunga mfuniko, akabonyeza, akachomoa nakala ingali ya moto, akaikumbatia kifuani na kutoka mbiombio kama mwizi wa kuku. Barua yenyewe akaiacha chini ya mfuniko. Kosa ambalo kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akiwakemea wenzake kwalo!

Alikuja kugundua nyumbani, muhuri ukiwa tayari mkononi.

"Dada, nimekwisha."

Alipomweleza, dada yake alicheka mpaka akakaa chini, kanga ikamdondoka kichwani. "Si siku zote unalia barua zako hazimfikii mhusika? Leo imemfikia!"

Masijala akaingia chumbani, akapiga magoti. Kalamu hakuigusa. "Husika na kichwa cha..." akaanza, akaacha. Akajaribu tena, safari hii kwa sauti ambayo hata dada yake hakuisikia.

"Mungu wangu, naogopa. Akinikataa, asubuhi nitakwenda wapi? Niambie nifanye nini."

Kimya. Kwa mara ya kwanza ndani ya kimya hicho hakuwa akitafuta maneno ya aya inayofuata. Akakumbuka kwamba barua zote kumi na nane, kila alipoinuka magotini, aliinuka akitazama dirishani, upande uleule wa barabara, lilipo duka. Labda majibu yalikuwa yakija siku zote, ila hayakupitia masijala.

Ijumaa asubuhi alivuka mikono mitupu. Mama Kopi alikuwa anafungua mlango. Barua ilikuwa juu ya meza, imenyooshwa vizuri.

"Aya ya tatu," alisema bila salamu, akavaa miwani. "'Mhusika ana kicheko kinachofika mpaka kwangu, na siku asipocheka kazi zangu haziendi.' Haya umemwandikia Mungu?"

"Ndiyo."

"Yeye alikuwa anajua. Mimi ndiye nilikuwa sijui."

"Mama, usihame. Nakuomba unikubali niwe mume wako."

"Umeruhusiwa?"

"Naona niliruhusiwa tangu barua ya kwanza. Nilikuwa nangoja muhuri."

Mama Kopi hakucheka. "Basi ngoja na mimi niulize." Akawasha mashine, akaweka kiganja juu ya mfuniko, akafumba macho. Mashine ikaanza kunguruma. Masijala, mtu aliyengoja kitanda miezi minne, akagundua dakika moja inaweza kumzeesha mtu. Taa ya kijani ikawaka. Mama Kopi bado kafumba macho.

Masijala akakohoa. "Taa imewaka."

"Nyamaza. Leo nina mengi."

Masijala akaanza kusoma maandishi kwenye katoni ya karatasi, akayamaliza, akayarudia.

"Amina," alisema Mama Kopi, akafumbua macho, na kile kicheko kikamtoka. "Haya, nenda kamwambie mwenye nyumba sihami."

Masijala alifika mlangoni, akasita, akageuka. "Niende na barua?"

"Nenda na mdomo!"