Toa Bega, Bwana Shefu

"Asitolewe kitandani!" Ndiyo amri ya Karangwa, shefu wa huduma ya kuuguza wagonjwa majumbani. Kwake, mgonjwa salama ni yule asiyeanguka. Kweli, aliyelala ataangukia wapi? Mke wangu Pudentienne hakuanguka hata mara moja. Alilala palepale mpaka mgongo ukaoza, nikamzika. Wakubwa wakasema walifanya walivyoweza.

Sasa namtunza dada yake, Mukandekezi, aliyepooza upande mmoja, hapa kwangu Biryogo. Siku ile aliamka amechangamka kama bibi harusi. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa anapewa jina kule mtaa wa Gitega, na bibi aliapa kulitamka mwenyewe.

"Shemeji, nikose jina la mtoto wa mwanangu? Heri mnizike leo leo!"

Kabagwira, binti wa huduma anayekuja kumwosha na kumgeuza, alisimama mlangoni na beseni lake. "Mzee, shefu akijua ananifukuza, na mama hapati tena mtu wa kumwosha."

"Nani atamwambia?"

"Si mtaa mzima!" Akacheka, akaweka beseni chini. "Haya, basi afungwe vizuri. Kifuani na kiunoni, na kichwa kikae juu."

Tukaleta ingobyi, kile kitanda cha kusuka chenye miti miwili, cha kubebea wagonjwa mabegani. Mimi na Gatera, fundi cherehani, tukashika mbele, wachinjaji wawili wakashika nyuma. Kabagwira akamfunga kwa kanga mbili. Tukainua. Yewe! Bibi akaiona mbingu, akapiga kelele ya furaha mpaka majirani wakatoka.

"Polepole! Mimi si mbuzi wa Idi!"

"Mbuzi wa Idi ana mafuta, wewe mifupa tu," mchinjaji akamjibu. Bibi akacheka hadi akakohoa.

Kwetu, ukikutana na ingobyi njiani hupiti tu. Unatoa bega, aliyechoka apumzike, hata kama mgonjwa humjui. Basi kila kona watu walipokezana, hata vijana wa vyama vya siasa, waliokuwa wakitukanana kutwa kwa ajili ya kofia zao. Kofia mbili za rangi mbili chini ya mti mmoja! Tulikuwa karibu tunakimbia, Kabagwira kando ya kichwa cha bibi.

Kwenye mlima wa Gitega nilikuwa nimerudi mbele na Gatera. Mara nikamwona Karangwa anateremka, tai shingoni.

"Simama! Nani kamtoa huyu? Kabagwira! Mrudisheni, la sivyo huduma inakatwa leo!"

Tukirudi, jina linatolewa bila bibi. Tukiendelea, nani atamwosha kesho?

Sauti ikatoka juu ya mabega yetu. "Huyu ni mtoto wa nani, anasimama mbele ya ingobyi bila kutoa bega?"

Muuza nyanya akasonya. "Labda kwao walizaliwa garini."

Watu wakaangua kicheko. Gatera, mjanja yule, akajifuta jasho na kujitoa. Upande ule ukaanza kulala. Karangwa akawatazama watu, akautazama mti, akaingia chini yake na tai yake.

"Polepole," akaanza kupiga kelele yeye mwenyewe, "kuna matope!" Akateleza. Goti chini, ingobyi ikainama, bibi akabiringika hadi ukingoni. Kanga zikamshika. Kabagwira alikwisha weka mikono chini ya kichwa chake.

"Mama! Umeumia?" Karangwa alikuwa mweupe kama unga.

"Wapi! Inuka, mwanangu, tunachelewa!"

Akainuka. Bega lake likarudi chini ya mti, kando ya langu.

"Mke wangu ulimwacha alale," nikamwambia.

"Amri ilitoka juu, mzee," alisema akihema.

"Juu wapi? Aliye juu ndiye huyu tumembeba."

Akausogeza mti begani, akapanda.

Vigelegele vilitupokea uani. Watoto walikwisha anza kula, lakini jina lilikuwa bado. Mtoto akalazwa kwenye mkono mzima wa bibi yake. "Akimana!" bibi akaita, na watoto, midomo imejaa maharage, wakaitikia: "Akimana!" Nililia, sioni haya kusema.

Karangwa alikuwa anajipangusa goti. "Huduma haikatwi," akamwambia Kabagwira. "Lakini haya ya kutoa wagonjwa nje, tutaona."

Tutaona, neno la wakubwa!

"Bwana shefu," nikamwambia, "jioni kuna kumrudisha. Kaa ule, bega lako tumeshalijua."