Sura ya Figo

Mwalimu wa mbinu za kujisomea hakuamini madodoso. Aliamini macho yake. Kila mwanzo wa muhula aliwakusanya wanafunzi wa chuo cha uuguzi katika chumba cha mazoezi, penye vitanda vya chuma na sanamu la mgonjwa lililobanduka rangi puani, akampa kila mmoja somo dogo la kumfundisha mwenzake: kufunga bendeji, kupima mapigo, kutandika kitanda huku mgonjwa yumo. Kisha alisimama pembeni na kutazama. Nani husoma kwanza ndipo ashike? Nani hushika kwanza ndipo aulize? Nani hasogei mpaka aambiwe? Aliwaambia kwamba elimu ni nyumba yenye milango mingi, na anayegonga mlango usio wake huchubuka vidole bure.

Kwa njia hiyo aligundua kwamba binti waliyemwita Redio hakumbuki neno asilolitamka, na kwamba kijana mmoja mrefu, mkimya kuliko kabati, hana budi kuchora kila kitu, hata maumivu.

Kwa Pacha alikwama.

Jina hilo walikuwa wakilitumia wawili. Pacha mkubwa alifariki likizo iliyopita kwa maradhi ya figo yaliyogunduliwa maji yamekwisha kumwagika. Mdogo alirudi chuoni peke yake, na hakuna aliyethubutu kumtafutia jina jingine. Mitihani yake ilimshangaza kila aliyeisahihisha. Katika mifupa, mapafu na moyo, majibu yalinyooka kama ya mtu anayesomewa imla. Katika figo alirudisha karatasi tupu. Walimu wengine walisema ni uchungu, nao ulitosha kuwa sababu. Lakini mkuu wa chuo alikwisha kata shauri. Pacha angerudia mtihani wa figo kwa mdomo mbele ya mtahini mgeni, na akishindwa, afungashe virago.

"Wewe hujifunzaje?" Mwalimu alimuuliza siku hiyo ya mazoezi.

"Nasikiliza, Mwalimu."

"Unamsikiliza nani?"

"Dada."

"Unasema zamani, au sasa?"

Pacha alikunja bendeji mpaka mwisho ndipo akajibu. "Sasa. Kwenye chumba cha pasi."

Redio, aliyekuwa akitandika kitanda cha jirani, aliachia shuka. "Toba! Mimi kule siingii tena, hata kama nguo zangu zitakunjamana mpaka siku ya mahafali."

"Huwa huingii," Pacha akamwambia. "Sare zako nazipiga pasi mimi."

Alichosema kilikuwa kweli. Tangu mwaka wa kwanza mapacha hao walijitwika kazi ya kupiga pasi sare za bweni zima. Mkubwa aliketi benchini akisoma kitabu kwa sauti, mdogo akisimama mezani na pasi. Hivyo ndivyo walivyosoma, na hawakujua njia nyingine.

Alasiri Mwalimu alikwenda kutazama. Chumba kilikuwa kidogo, meza imetandikwa blanketi lenye alama za kuungua, dirisha la kioo kisichoonyesha nje, na benchi ukutani. Pacha alipiga pasi. Midomo yake haikucheza. Lakini kila baada ya muda alitikisa kichwa, kama anayefuata nukta za msomaji. Mwalimu alitega sikio, akasikia mvuke na maji yanayopita kwenye bomba, basi.

Alijaribu kwanza njia iliyokuwa karibu. Ikiwa binti hujifunza kwa kusikia, asomewe. Redio aliisoma sura yote ya figo na kuirekodi katika simu, kwa mbwembwe za mtangazaji. Kesho yake Pacha aliirudisha simu.

"Dada alinyamaza, Mwalimu. Nilipoizima, akaanza upya kwenye mifupa."

"Akimaliza moyo huenda wapi?"

"Hurudi mwanzo. Figo hatukuzifikia. Atasomaje asichokijua?"

Mwalimu alikuwa mtu wa ratiba na maandalio ya somo. Sauti za marehemu hazikuwamo katika mafunzo yake. Lakini alifundishwa kuanzia pale mwanafunzi alipo, naye mwanafunzi alikuwa hapo.

"Basi msomee wewe."

"Mimi?" Pacha alicheka kidogo, kwa woga. "Yeye ndiye mkubwa. Tangu utotoni yeye husema, mimi husikiliza. Hata mama akituma ujumbe, yeye ndiye aliyekuwa akinisomea."

"Mkubwa asiyejua hufundishwa na mdogo anayejua."

"Na mdogo naye asipojua?"

"Itambidi ajue kabla hajafungua mdomo. Hapo ndipo atakuwa amesoma."

Alianza alasiri hiyohiyo. Mwalimu aliketi kwenye ngazi ya nje na madaftari ya kusahihisha, mlango ukiwa nusu wazi. Kwa muda mrefu ilisikika karatasi tu, ikifunuliwa na kurudishwa. Kisha sauti ya Pacha, kwanza ya kunong'ona, baadaye ya kugomba. "Dada, ngoja nimalize! Usinirukie... Hapana, chujio. Si mfuko, ni chujio. Mfuko ni kibofu. Nimekwisha kukwambia!"

Mwalimu alitabasamu. Hakuwahi kumsikia binti huyu akibishana na mtu.

Baadaye Pacha alichungulia mlangoni. "Mwalimu, anauliza: mtu akipoteza damu nyingi, mbona mkojo unapungua ilhali figo zake ni nzima?"

"Mwili ukiona damu imepungua huyabana maji yasitoke. Figo zinatii amri."

"Haya." Akarudi ndani.

Mwalimu aliinamia daftari, kalamu ikamsimama mkononi. Swali lile halikuwamo kitabuni. Wala halikuwa la Pacha, ambaye hakuwahi kuuliza lolote darasani. Aliyekuwa akiuliza, kalamu kati ya meno, mpaka walimu wakatazama saa, alikuwa yule mwingine.

Kazi iliendelea vizuri hadi siku iliyotangulia mtihani. Siku hiyo Pacha alitoka, akaketi ngazini bila kukaribishwa, kitabu mapajani.

"Nimefika kwenye dalili. Siwezi kumsomea."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Hajui kilichomuua. Yeye alisema ni uchovu, nami nikakubali. Asubuhi uso ulikuwa unamvimba, nikamtania kuwa ameamka kama bondia aliyeshindwa. Tukacheka. Viatu vikaanza kumbana, tukamtafutia vikubwa." Alikifunika kitabu kwa viganja viwili. "Nikisoma ukurasa huu, atajijua. Akishajijua ataondoka. Na nisipousoma, kesho nafukuzwa mimi, naye anabaki humu peke yake. Niambie, Mwalimu, nichague lipi?"

Majibu ya vitabuni yalimjia Mwalimu, akayaacha yapite.

"Dada yako alitaka kuwa muuguzi," alisema hatimaye. "Lau ungekuwa wewe benchini, ungependa akufiche?"

Pacha aliinuka. Safari hii aliuacha mlango wazi kabisa. Alisoma dalili moja baada ya nyingine, polepole. Kisha akakifunga kitabu, akaanza kueleza kwa maneno yake mwenyewe. Alipofika kwenye uvimbe wa uso sauti ilikatika, ikarudi. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumbani. Mwalimu aliingia kuinua pasi iliyosahauliwa juu ya gauni la mtu, na alipokuwa akiiendea meza alipita mbali na benchi, amekusanya sketi yake, kama asiyetaka kukanyaga miguu ya aliyeketi.

"Amesema nini?" aliuliza, akajisikia akiuliza.

"Amesema niendelee. Ukurasa haujaisha."

Mtahini aliyekuja kesho yake alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye sauti ya chini na haraka ya mtu anayengojwa kwingine. Pacha alijibu yote. Alijibu akiwa amegeuka upande kidogo, akikielekea kiti kitupu kilichokuwa karibu na dirisha, na mtahini mara mbili alikitazama kiti hicho kuona kuna nini.

"Dalili za awali?"

"Uso kuvimba asubuhi. Miguu kujaa, viatu kubana. Mkojo kupungua au kutoa povu. Uchovu usioisha kwa kulala." Alikigeukia kiti kabisa. "Mgonjwa husema amechoka tu, na walio karibu naye hucheka. Muuguzi asicheke. Amvue viatu amtazame."

Mtahini aliweka kalamu chini. "Hilo la kucheka limo kitabuni?"

"Halimo."

Mtahini aliichukua tena kalamu, akaandika alama, akaigeuza karatasi ili Mwalimu, aliyeketi pembeni, aione. Pacha alikuwa amefaulu, tena vizuri. Lakini hakuiangalia karatasi. Alibaki amekielekea kiti, nyusi zimeinuka, kama mtu anayesubiri swali kutoka kwa asiyekosa swali. Nje toroli lilipita likigongagonga sakafu, likapotea. Alisubiri bado.

"Haulizi," alimwambia Mwalimu taratibu.

"Huenda ameelewa."

"Ndiyo, ameelewa," Pacha alisema. "Ndilo nililokuwa nikiogopa."