Kutema ni Kutukana

Je, umewahi kuulizwa habari za baba yako, kumbe anayekusudiwa ni mume wako? Hedwig Schirmer aliulizwa hivyo Jumamosi, kwa muuza mikate, na mwanamke aliyehamia bonde la mizabibu la Barossa mwaka ule. "Yule mzee wako aliyekaa garini, mbona anatetemeka? Mpelekee chai, dada." Hedwig alishukuru, akachukua mkate wake, akatoka. Yeye na mumewe Reinhold walibatizwa Jumapili ileile, wakiwa wachanga. Wote wawili walikuwa na miaka sitini na moja.

Jumatatu daktari hakuzungukazunguka. "Pombe ikivunjwa ndani ya ini huzaa cheche. Mwili una wazimamoto wake, Reinhold, lakini wewe umewafanyisha kazi miaka arobaini bila likizo. Ini, mishipa, ngozi, vyote vimeungua kabla ya wakati. Ukikubali tukusaidie kuacha, ini lililobaki laweza kukubeba. Ukikataa, siwezi kukuahidi kuiona Krismasi."

"Mimi si mlevi, daktari," Reinhold alisema. "Mimi ni mwonjaji."

Na kweli hakuna aliyewahi kumwona ameanguka. Kila Jumanne alipita na jagi kuyajaza mapipa ya kiwanda chao cha divai, kwa kuwa mbao hunywa divai, na nafasi inayobaki huingiza hewa, nayo hewa huiozesha. Kila pipa alilionja. Wenzake walitema kwenye ndoo, yeye alimeza. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba kutema divai ni kumtukana aliyepanda mzabibu. Mapipa themanini, mafunda themanini, kabla ya chakula cha mchana.

Jumanne hiyo Hedwig alimfuata ghalani. Binti yao Liesl, ambaye sasa ndiye mkuu wa kiwanda, alikuwa ameshaweka ndoo ya kutemea karibu na pipa la kwanza.

"Mama, umekuja kunisimamia mfanyakazi?"

"Nimekuja kumwangalia akitema."

Reinhold akacheka. "Wanawake wawili na ndoo moja. Nimekwisha." Akavuta divai kwa mrija wa kioo, akaitia kwenye bilauri, akaisukasuka mdomoni, akameza. Hedwig aliliona koo likipanda na kushuka.

Walipofika pipa la kumi na moja alimeza tena. "Hii safi. Iandike."

Liesl alinusa, akanusa tena. "Baba, hii imeingia hewa. Inanuka tufaha lililobonyea."

"Pua yako ina mafua."

"Angalia kizibo." Kizibo kilikuwa kimelegea, na divai ilikuwa imeshuka upana wa kiganja. Jumanne iliyopita Reinhold alikuwa amelisahau pipa hilo.

Alinusa mara tatu. Hakupata kitu. Mtu ambaye zamani angekwambia mvua ilinyesha upande gani wa shamba, alikuwa ameshika bilauri ya divai iliyoharibika kama ameshika maji. Akakaa juu ya kreti.

Liesl akaenda kuosha mrija, ingawa ulikuwa safi.

"Sema basi," Reinhold alimwambia mkewe. "Niambie nilikuwa nimeonywa."

Hedwig alikaa kando yake, akamtoa bilauri mkononi. Mkono ule ulikuwa mwembamba, wenye mabaka.

"Miaka yote nimekwambia punguza, acha, njoo ule. Ninalolitaka sijawahi kulisema, nikidhani unalijua. Nilitaka tuzeeke pamoja, Reinhold. Umetangulia peke yako. Nisubiri."