Bwana Mwavuli na Daftari la Namba

Mdogo wake alimshika mkono kwenye korido ya mahakama, akamnong'oneza kwa mara ya saba asubuhi ile. "Dada, kubali kosa tulipe faini, yaishe. Nani wa kushindana na polisi?"

Fundi akautoa mkono taratibu. "Faini tutalipa, itaisha. Cherehani je?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Sheria ilivyosomwa siku ya kwanza haikuwa na masihara: anayeendesha nyumba ya kamari bila kibali hutozwa faini, au hufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili, na vifaa vyake hutaifishwa. Cherehani ile nyeusi ilikuwa ya marehemu mama yao. Ndiyo iliyomlisha na kumsomesha yeye, pamoja na huyu mdogo mtu mwenye haraka ya kukubali. Sasa ilikuwa mezani mbele ya hakimu, imefungwa kikaratasi: Kielelezo cha Kwanza. Fundi kila akiitazama aliona kama ni mama yake anayeshtakiwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Nyuma ya duka lake la ushonaji palikuwa na chumba ambacho mwenye nyumba aliwapangisha wanaume wasiojulikana wanafanya kazi gani. Kumbe kazi yao ilikuwa karata za pesa. Polisi walipovamia, wale wanaume walivunja ukuta wa mbao, wakakatiza dukani kama mbuzi waliofunguliwa zizi, wakaishilia mtaani. Askari wakaingia mbio nyuma yao, wakamkuta nani? Fundi, kaketi, daftari liko wazi. Wakamzoa yeye, daftari na cherehani.

Daftari ndilo lililomponza. Mama yake alimfundisha kuandika vipimo bila maneno: bega, kifua, tumbo, nyonga, urefu, kwa mpangilio uleule siku zote, namba tupu. Wateja nao aliwabandika majina ya utani, maana majina yao halisi humtoka kichwani kabla hawajavuka kizingiti. Kituoni alieleza hayo yote hadi mate yakamkauka. Walicheka tu. Vipimo gani visivyo na hata neno moja?

Sajini aliyeongoza uvamizi alipanda kutoa ushahidi. Alikuwa mtu wa mwili, amevaa kiraia, shati jeupe na suruali ya kijivu.

"Mheshimiwa, haya ni madau, na wachezaji wamefichwa kwa majina bandia. Huyu hapa ndiye kigogo wao, Bwana Mwavuli. Kumi na tisa, arobaini na nne, arobaini na saba, arobaini na tano, arobaini na moja! Hakuna aliyeweka dau kama lake. Bado tunamsaka."

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani puani, akageuka. "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

Fundi alikuwa anatazama mfuko wa ile suruali. Pembeni mwa mfuko mshono ulirudiwa mara mbili, ukaishia kwa kipembetatu kidogo. Fundi mmoja tu mjini humaliza mfuko namna hiyo. Ni yeye mwenyewe.

"Afande, suruali hiyo umeipata wapi?"

"Zawadi ya mke wangu. Inahusu nini?"

"Mkeo ni yule mama wa mwavuli mwekundu, jua liwe, mvua iwe?"

"Umemjuaje?" Sajini akauliza.

"Mheshimiwa," Fundi akasema, sasa sauti imempanda, "naomba ruhusa nimpime huyu bwana."

Polisi walikuwa wamechukua kila kitu wakaisahau tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake. Ameivaa miaka ishirini, hata yeye huikumbuka akienda kulala. Hakimu akamtazama, akaitazama suruali. "Karani, shika daftari. Mpime."

"Bega, kumi na tisa!"

"Kumi na tisa," karani akajibu.

"Kifua, arobaini na nne!"

"Arobaini na nne."

Watu wakaanza kusimama kwenye mabenchi. Tepu ilipofika tumboni, Sajini akavuta pumzi na kuizuia.

"Achia pumzi, afande," Fundi akamwambia. "Umekula kiapo."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Pumzi ikaachiwa. Arobaini na tisa.

Mwendesha mashtaka akaruka kama aliyekalia pini. "Hailingani! Daftari lina arobaini na saba!"

"Mheshimiwa, ilikuwa zawadi ya siri. Mkewe aliazima tepu dukani, akampima usingizini Jumapili mchana. Tangu hapo mwaka umepita na afande ameneemeka. Hilo nalo ni kosa langu?"

Nyonga, arobaini na tano. Urefu, arobaini na moja. Karani alisoma huku akijifuta machozi.

Hakimu alivua miwani. "Hapa sioni karata wala dau. Na Bwana Mwavuli anayesakwa amepatikana, amesimama mbele yangu. Adhabu ya kamari iwaendee wacheza kamari na aliyewapangisha chumba. Fundi, huna hatia. Arudishiwe mali yake leo hii."

Fundi alilia na kucheka kwa pamoja, ameikumbatia cherehani na kikaratasi chake. "Mimi nilijua tangu mwanzo!" mdogo wake akapiga kelele, yuleyule wa kubali yaishe.

Langoni, Sajini aliwafikia akihema, akashusha sauti. "Fundi, samahani. Inabana kweli. Haiwezi kuongezwa kidogo?"

"Inawezekana. Huwa naacha kitambaa cha akiba mshono wa nyuma, kwa wanaume wanaolishwa vizuri. Ilete Jumatatu."

Akaliweka daftari juu ya cherehani, akatafuta ukurasa wa Bwana Mwavuli. Akakata arobaini na saba, akaandika arobaini na tisa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ashike kazi ya mama yake, akaongeza neno pembeni, kwa herufi kubwa ambazo hata askari angezisoma akikimbia: TUMBO.